Kuangusha Huanza Miguuni: Mwongozo kwa Kocha wa Ulinzi

Tarehe 30 Januari 2000, katika uwanja wa Georgia Dome mjini Atlanta, fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, ilikuwa imebakiza sekunde sita. St. Louis Rams walikuwa mbele, 23 kwa 16. Tennessee Titans walikuwa na mpira yadi 10 tu kutoka mstari wa goli, na tachidauni moja, yaani kuuvusha mpira mstari huo, ingewafungulia njia ya kusawazisha. Kwotabeki wao, yaani mrushaji wa mpira, Steve McNair, alimrushia Kevin Dyson aliyekuwa akikata kuelekea katikati. Mike Jones, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) wa Rams, alikuwa amekwisha kuondoka na mtu mwingine kabisa. Akageuza shingo, akaona, akabadili njia, akamfikia Dyson na kumkumbatia miguu. Dyson alijinyoosha na mpira mkononi mpaka mwisho wa urefu wake, lakini ukapungua kama yadi moja. Muda ukaisha.

Itafute video ya tukio hilo na uitazame bila sauti ya mtangazaji. Hakuna kishindo. Jones hakumrusha mtu hewani wala hakumpiga kikumbo cha kutisha. Aligeuka mapema, akafika huku miguu yake ingali inatembea, na alipofunga mikono hakuifungua. Ubingwa wa mwaka ule ulipatikana kwa mambo hayo matatu, na yote yanaweza kufundishwa. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeanza kufundisha ulinzi, au unayecheza nafasi hizo, au unayekesha kuangalia mechi za NFL na kujiuliza kwa nini timu fulani haipitiki.

Kwa aliye mgeni: kila upande una watu 11, na wenye mpira wana dauni nne, yaani majaribio manne, ya kusogea yadi 10. Mbeba mpira akishaguswa na mpinzani na goti lake likatua chini, mchezo unasimama papo hapo. Mradi goti halijatua na hakuna filimbi, anaendelea kula yadi. Ndiyo maana kocha wa ulinzi huhesabu yadi zinazopatikana baada ya mguso kwa uchungu wa mwenye duka anayehesabu madeni.

Bajeti ya vishindo

Anza kwa kuelewa kwamba makocha wa kulipwa hawana ruhusa ya kugonganisha watu kila siku. Mkataba wa mwaka 2011 kati ya wachezaji na wenye klabu uliweka kikomo: mazoezi 14 tu ya kuvaa pedi katika msimu mzima wa kawaida, na yale mazoezi mazito mara mbili kwa siku ya kabla ya msimu yakapigwa marufuku. Msimu wa kawaida sasa una mechi 17. Piga hesabu mwenyewe: haifiki hata siku moja ya pedi kwa wiki. Hata siku hiyo ikifika, ni nadra kocha kuruhusu mtu aangushwe chini. Watu wanakutana, wanashikana, filimbi inalia, kila mmoja anarudi mahali pake akiwa wima.

Makocha wengi wa zamani walilalamika kwamba ukabaji utakufa. Mimi naona kikomo hicho kiliwafaa, kwa sababu kiliwalazimisha kuuliza ni sehemu gani ya kumwangusha mtu inayohitaji kishindo kweli. Jibu likawa: ndogo mno. Buddy Teevens, aliyekuwa kocha wa chuo cha Dartmouth, alilifikisha jambo hili mbali kuliko mtu yeyote. Mwaka 2010 aliwakataza wachezaji wake kuangushana kabisa mazoezini. Wakaangusha mabegi na mikeka, na baadaye sanamu la roboti linaloendeshwa kwa rimoti, lililobuniwa chuoni hapohapo. Mwaka 2015 timu yake iligawana ubingwa wa Ivy League, ligi ya vyuo anamocheza Dartmouth. Mwaka uliofuata Pittsburgh Steelers, klabu yenye jina la ugumu kuliko nyingi, nao walikuwa na roboti hilo uwanjani kwao.

Kwa hiyo usiogope ukiwa na wachezaji wachache, pedi chache, na uwanja usio na nyasi nzuri. Kilicho muhimu zaidi utakifundisha watu wakiwa wamevaa fulana.

Nyonga ya karibu

Mwambie mchezaji wako aangalie nyonga. Mbeba mpira hudanganya kwa kichwa, kwa mabega, kwa macho, hata kwa mpira wenyewe anaouhamisha mkono. Nyonga ndizo zilizobeba uzito wake. Ziendako ndiko aendako. Lakini kusema "nyonga" hakutoshi. Lenga nyonga iliyo karibu nawe.

Sababu yake ni hii. Ukimkimbilia mtu ukilenga katikati ya kifua chake, umempa njia mbili, kulia na kushoto, na yeye ndiye anayechagua. Ukilenga nyonga ya karibu, mwili wako unabaki nusu hatua nyuma yake, upande wa ndani. Akitaka kukata kurudi nyuma yako, anakukuta hapohapo. Akiendelea mbele, anaelekea mstari wa pembeni, ambako uwanja unakwisha. Aliyewahi kutumwa akamate kuku wa mgeni anaelewa: humkimbilii kuku moja kwa moja, unamzibia upande mmoja mpaka ukuta umalize kazi. Uwanja wa NFL una upana wa yadi 53 na theluthi, na mstari wa pembeni ni mlinzi wa 12 ambaye hachoki na hakosi mtu.

Kutokana na hapo, kila mlinzi ajiulize swali moja kabla mpira haujaanza: msaada wangu uko wapi? Mlinzi wa pembeni kabisa ambaye wenzake wote wako ndani yake ana kazi ya kumgeuza mbeba mpira arudi ndani. Bega lake la nje libaki huru, asikubali kuzungukwa. Lainibeka anayetoka katikati kwenda nje ana wenzake nyuma yake na mstari mbele, basi asikimbie kupita kiasi akaacha mlango nyuma. Mlinzi wa mwisho, ambaye nyuma yake hakuna mtu ila goli, ana ruhusa ya kukubali yadi mbili tatu ili asipitwe. Hawa watatu wakifundishwa kitu kimoja kwa maneno mamoja, wawili kati yao utakuwa umewapotosha.

Wafundishe pia namna ya kukosa. Hata walio bora hukosa. Mtu akikosa upande wa nje, mbeba mpira anasukumwa ndani kwa wenzake, na hasara ni yadi nne. Akikosa upande wa ndani huku nje hakuna mtu, hasara inaweza kuwa goli. Ukikagua video usiridhike kuandika "amekosa". Andika amekosa upande upi.

Hatua tano za mwisho

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Zamani makocha walifundisha hivi: kimbia, ukimkaribia simama, chuchumaa, chezesha miguu, msubiri aje. Bado utasikia watu wakipiga kelele hizo pembeni mwa uwanja. Tatizo ni kwamba mtu aliyesimama ni shabaha kwa mtu anayekimbia. Derrick Henry ana urefu wa kama mita 1.91 na uzito wa karibu kilo 112. Akikukuta umepanda mizizi, anachagua kati ya kukukwepa na kukusukuma kwa kiganja, na vyote viwili anaviweza. Josh Norman, mlinzi mwenye jina kubwa, alitupwa pembeni na mkono wa Henry mwezi Oktoba 2020, na picha ile imekuwa ikizunguka tangu wakati huo.

Badala ya kusimama, fundisha kukimbia kwa kasi mpaka yadi tano hivi, kisha kufupisha hatua bila kuzikatisha. Miguu iwe upana wa mabega, kifua kiegemee mbele ya mapaja, mikono iwe karibu na nyonga zako, isitangulie. Mikono inayotangulia humwambia mpinzani pa kupiga, tena huuvuta mwili mbele kabla ya miguu kufika. Lengo ni kuila nafasi iliyo kati yenu, kwa sababu nafasi ni mali ya mwenye mpira. Kadiri inavyopungua, ndivyo hila zake zinavyopungua.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoamua. Mguu na bega viwe vya upande mmoja: ukimpiga kwa bega la kulia, mguu wa kulia ndio uliotua. Na utue karibu, karibu kiasi kwamba ungeweza kukanyaga kiatu chake. Mchezaji ambaye hatua yake ya mwisho imetua mbali hana njia ila kupiga mbizi, na anayepiga mbizi huinamisha kichwa, hufumba macho na kukumbatia hewa. Ukimwona mchezaji wako analala chini mikono mitupu, usimlaumu mikono. Rudisha video nyuma nusu sekunde uangalie mguu wake ulitua wapi.

Bega, mikono, na kusukuma

Mwaka 2014, miezi michache baada ya Seattle Seahawks kuwafunga Denver Broncos 43 kwa 8 katika fainali, kocha wao Pete Carroll alitoa video ya kufundisha ukabaji ili kocha yeyote aitazame bure. Msaidizi wake Rocky Seto ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa somo hilo. Seahawks hawa ndio walioruhusu pointi chache kuliko timu zote za ligi kwa misimu minne mfululizo, 2012 hadi 2015, kwa hiyo watu walisikiliza. Walichokuwa wakifundisha hakikuwa kipya kwa mtu wa Nairobi, Suva au Auckland. Ulikuwa ukabaji wa raga.

Msingi wake ni kukiondoa kichwa katika mgongano. Mafunzo ya kale ya Kimarekani yalitaka kichwa kikatize mbele ya mbeba mpira, kiwe kama komeo. Carroll na Seto walikipeleka nyuma yake, bega likagonga paja, mikono ikafunga nyuma ya miguu, ikabana, na miguu ikaendelea kusukuma hatua tano. Mbeba mpira anapokuwa anakimbilia pembeni na huwezi kumpata kwa nguvu, funga miguu yake kwa mikono miwili kisha ubiringike naye. Anapokuwa amesimama wima, labda ndiyo kwanza ameudaka mpira, bega hupanda kifuani upande wa karibu, kichwa kikiwa bado pembeni na macho yakitazama juu.

Kuna jambo la ajabu katika historia ya mchezo huu. Helmeti zilikuwa laini, za ngozi, na zikawa za lazima katika NFL mwaka 1943. Zilipogeuka kuwa plastiki ngumu, kifaa cha kulinda kichwa kikakifanya kichwa kiwe silaha. Mchezaji wa raga hana cha kumpa ujasiri wa uongo, ndiyo maana hujifunza mapema kuficha kichwa chake. Gharama ya kusahau hilo ilionekana tarehe 4 Desemba 2017 mjini Cincinnati, pale Ryan Shazier wa Steelers, lainibeka hodari wa miaka 25, alipoinamisha kichwa akimkabili mdakaji wa kawaida katika mchezo wa kawaida. Aliumia uti wa mgongo na hakucheza tena. Mwaka uliofuata ligi ikaweka adhabu ya yadi 15 kwa mchezaji yeyote anayeinamisha kichwa na kuanzisha mgongano kwa helmeti.

Ikiwa umetoka kwenye raga, nusu ya mwongozo huu unaijua, ila kuna mambo matatu ya kujifunza upya. Katika raga hakuna anayeruhusiwa kukuzuia njiani. Huku kuna watu wa kilo 140 ambao kazi yao ni hiyo tu, na lazima uiondoe mikono yao kifuani mwako kabla hujamfikia mwenye mpira. Katika raga kurudi nyuma mita moja ukiwa umemshika mtu si msiba. Huku, dauni ya tatu ikihitaji yadi moja, mita hiyo ndiyo mechi. Na katika raga ukishamwangusha unamwachia. Huku unashikilia hadi filimbi ilie. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa amecheza raga ya kulipwa, aliyapitia haya yote aliposajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila ya kuwa amewahi kucheza futiboli ya Marekani. Walimfanya lainibeka wa nje, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani katika mechi ya ligi, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo.

Mazoezi ya wiki

Dakika kumi kila siku zinashinda saa moja ya Jumamosi. Ugumu wa mazoezi haya umo katika kuyarudia kwa usahihi, hivyo yapange mwanzoni, kabla watu hawajachoka.

La kwanza ni kugusa nyonga. Weka koni kufanya njia ya upana wa yadi 10. Mbeba mpira anaanza upande mmoja kwa robo tatu ya kasi yake, mlinzi anaanza yadi 12 mbele yake na pembeni kidogo. Kazi ya mlinzi ni kuigusa nyonga ya karibu kwa viganja viwili huku miguu ikiwa bado inakimbia. Akigusa tumbo, amechelewa au amekaa vibaya. Akigusa mgongo, amepitwa. Hakuna pedi, hakuna kuanguka. Ukiwa na muda wa zoezi moja tu, chagua hili.

La pili hufanywa kwa magoti. Mlinzi anapiga goti moja, mwenzake amesimama kando yake. Bega kwenye paja, shavu limegandamana na kalio la mwenzake, mikono inafungwa na kubana. Vijana watacheka. Waache wacheke siku ya kwanza, siku ya tatu watakuwa wamezoea. Hapa unakagua kichwa tu: kiko nyuma, shingo imenyooka, macho wazi. Yakikamilika, ainuke achuchumae, kisha aingie kwa hatua moja, kisha hatua tatu.

La tatu ni gurudumu. Klabu za NFL hutumia pete kubwa la sponji linalobiringishwa uwanjani. Mlinzi analifuata kwa pembe, analifikia, analipiga kwa bega na kubiringika nalo. Uzuri wake ni kwamba linakwenda, na hatua ya mwisho lazima ipimwe. Usipokuwa nalo, godoro kuukuu la sponji likunje, ulifunge kamba ulizungushe, au shona gunia lenye matambara mtu alivute kwa kamba ndefu. Kinachotakiwa ni kitu kinachosogea na kisichoumia.

La nne, kutoka kwenye kizuizi. Mtu mmoja anamshika mlinzi kifuani, mbeba mpira anachagua upande. Mlinzi ananyoosha mikono, anamsukuma mzuiaji, anaitupa chini mikono ya huyo mzuiaji na kufuata nyonga ya mbeba mpira. Wengi wana ukabaji mzuri mazoezini, wakiingia mechini haupo, kwa sababu hawakuwahi kuufanya wakitokea kwenye mikono ya mtu.

La mwisho ni la watu wawili. Wa kwanza anafunga miguu na kubana, basi. Haruhusiwi kuutafuta mpira. Wa pili akifika ndipo anaupiga. Charles Tillman wa Chicago Bears aliufanya ufundi huu uwe wake: ngumi iliyolengwa kwenye mpira wenyewe, huku mkono mwingine ukiwa umemshika mwenye mpira. Msimu wa 2012 aliwapokonya wapinzani mpira namna hiyo mara 10, mara nne kati ya hizo katika mechi moja dhidi ya Titans. Vijana hupenda sana kuiga ngumi na kusahau ule mkono mwingine. Usimruhusu mtu kupiga kabla hajashika.

Ulinzi wa watu kumi na mmoja

Hakuna mpango wa ulinzi unaomfaa mtu asiyeweza kuangusha, ila ipo mipango inayomrahisishia. Mlinzi anayemfuata mtu wake bega kwa bega huwa ameupa mpira mgongo. Mwenzake akipitwa, yeye hana habari. Mlinzi anayelinda eneo macho yake yako kwa kwotabeki, na mpira ukirushwa wote wanauona kwa pamoja na kuukimbilia. Tony Dungy na mratibu wake wa ulinzi Monte Kiffin waliijenga Tampa Bay Buccaneers juu ya msingi huo miaka ya 1990: acha pasi fupi zidakwe, funga mlango wa nyuma, kisha watu wengi wafike kwenye mpira wakiwa na hasira. Dungy aliondolewa, Kiffin akabaki, na Januari 2003 ulinzi uleule ukatwaa ubingwa kwa 48 kwa 21 dhidi ya Oakland Raiders. Carroll, yule aliyekuwa Seattle, alilelewa kikocha na Kiffin. Lovie Smith, aliyemfundisha Tillman huko Chicago, alikuwa kocha wa malainibeka Tampa. Ukoo mmoja.

Katika ukoo huo kuna desturi ninayoipenda kuliko mchoro wowote wa ubao. Kila mchezo kwenye video, kocha anatafuta aliyetega. Aliyepunguza mwendo kabla ya filimbi anaandikwa. Aliyepitwa na mwenzake wakiwa wanaelekea kwenye mpira anaandikwa. Aliyepata nafasi ya kugonga akaiacha anaandikwa. Idadi inatajwa mbele ya wote, nyota na wa akiba sawasawa. Hakuna kipaji kinachohitajika zaidi ya mguu unaokimbia, ndiyo maana hakuna kisingizio.

Wafundishe pia pembe za kukimbiza. Watu 11 wakikimbilia mahali mpira ulipo, wote watafika umekwisha kuondoka, na watagongana wao kwa wao. Kila mmoja akimbilie mahali atakapokutana nao. Mlinzi wa upande wa pili wa uwanja anakimbia kwa kina, karibu kuelekea goli lake mwenyewe, na mara nyingi huyo ndiye anayeokoa pointi saba ambazo hakuna mtu atakayezikumbuka.

Mezani na video

Kila kocha anapaswa kuwa na mchezo mmoja wa kuwaonyesha wachezaji nini hutokea mambo haya yakivunjika kwa pamoja. Wangu ni wa tarehe 8 Januari 2011 mjini Seattle. New Orleans Saints, mabingwa watetezi, walikuwa wanacheza na Seahawks walioingia mtoano wakiwa na ushindi 7 na kufungwa mara 9. Zikiwa zimebaki dakika tatu na kitu, Marshawn Lynch alipewa mpira katikati ya rundo la watu, mahali ambapo yadi tatu zingekuwa halali yake. Akaenda yadi 67 hadi golini. Mashabiki walitikisa ardhi kiasi cha kuonekana kwenye mitambo ya kupima matetemeko iliyo karibu na uwanja. Seahawks wakashinda 41 kwa 36.

Itazame mara kadhaa, kila mara ukimfuata mlinzi mmoja. Utaona mikono inayonyooshwa bila miguu kufika. Utaona watu wanaopiga mbizi kwenye vifundo. Utamwona Tracy Porter akifika akiwa wima, akisukumwa kifuani na kutupwa mbali. Lynch alikuwa na nguvu za ajabu, hilo halina ubishi. Lakini karibu kila mlinzi aliyemgusa alimgusa kwa viganja.

Kwenye daftari lako la mechi, kila ukabaji uliokosekana uwekwe katika fungu lake: pembe mbaya, miguu iliyosimama, hatua ya mwisho ya mbali, mikono iliyokosa kufunga, au msaada uliochelewa. Usiwe na fungu la "hakutaka". Nimesikia makocha wakilitumia kwa wepesi, na karibu kila mara ni mchezaji ambaye hajafundishwa aweke wapi mguu. Baada ya mechi tatu au nne utaona mchezaji mmoja ana tatizo lilelile moja, na zoezi lake utalijua bila kubahatisha.

Yaliyokatazwa

Sheria hubadilika, kwa hiyo zipitie kabla ya kila msimu. Kumshika mtu ukosi wa jezi au pedi kwa nyuma na kumvuta chini kumekatazwa tangu 2005, baada ya Roy Williams wa Dallas Cowboys kuumiza wapinzani kadhaa kwa mtindo huo. Kupiga mtama ni faulo. Tangu 2024 ni faulo pia kumshika mtu kwa mikono miwili, ukazungusha kiuno na kujidondosha juu ya miguu yake hadi ikabanwa chini yako. Inagharimu yadi 15 na wapinzani wanapewa dauni ya kwanza. Wachezaji wengi wa ulinzi waliipinga sheria hii ya mwisho wakisema wameachiwa nini sasa. Wameachiwa bega, paja, na hatua tano. Mlinzi anayefika kwa pembe nzuri hahitaji kuning'inia mgongoni mwa mtu.

Ukifundisha watoto, anza bila kugongana kabisa, kwa mchezo wa kuchomoa vitambaa kiunoni: nyonga ya karibu na hatua fupi vyote wanaweza kujifunza humo. Na kwa umri wowote, mchezaji akigongwa kichwani akapepesuka, akasahau maelekezo, au akasema taa zinamuumiza macho, mtoe uwanjani siku hiyohiyo, hata kama ni nahodha na mmebakiza dauni moja. Katika NFL harudi mazoezini kamili wala mechini mpaka daktari wa klabu na mtaalamu wa mishipa ya fahamu asiyefungamana na klabu wamkubalie. Wewe huenda huna mtaalamu huyo. Tafuta basi daktari wa hospitali iliyo karibu, na mchezaji asivae helmeti tena kabla hujapata jibu lake kwa maandishi.